Kilio Alichokisikia Jirani

Kwa maneno ya Redio, mambo yalikwenda hivi. Jumatatu, saa nne asubuhi, yeye akianika nguo zake bila kumchokoza mtu, alimsikia mtoto wa mshonaji akipiga ukelele. "Mama!" Mara moja tu, lakini ukelele wa kupasua ukuta. Akaiacha shuka nusu kwenye kamba nusu kwenye beseni, akaenda dirishani kwa mshonaji. Hakwenda kuchungulia, la, alikwenda kusalimia. Ndipo akaona kwa macho yake mawili: mshonaji kapiga goti, mkono wa kushoto umeshika kisogo cha mtoto, kiganja cha kulia kimekaa kooni. Damu kwenye kola ya gauni. Macho ya mtoto yametoka pima.

"Kiganja kooni, wenzangu," alisema Redio pale bombani, ndoo zikijaa na kumwagika bila mtu wa kuzitazama. "Sikusimuliwa. Na wala sisemi alikuwa anamkaba. Nasema kiganja kilikuwa kooni. Nyie malizieni."

Wakamalizia. Jioni ile ile kiganja kimoja kikawa viganja viwili, na kesho yake vikawa ile futi ya kupimia nguo, imezungushwa shingoni mara mbili.

Redio si jina alilopewa na wazazi wake. Ni wapangaji waliomwita hivyo, naye akaitika. Siku hiyo kuna mtu mmoja tu aliyembishia, muuza mkaa, ambaye hucheka hata msibani.

"Redio leo imeshika mawimbi ya wapi? Mtoto yule hana sauti! Mwaka wa nne huu hajatoa hata mlio wa panya. Hicho kilio alikiazima kwa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Redio akaapa, akaapa tena, akabeba ndoo zake amenuna. Na habari ingefia pale bombani, kama si mama wa ustawi wa jamii kufika mtaani Jumanne. Alikuja kuangalia nyumba, kama anavyoangalia nyumba ya kila mtoto anayetibiwa kliniki ya koo hospitalini. Alimkosa mshonaji, aliyekuwa amekwenda kupeleka nguo za mteja akiwa na mtoto wake. Alimkuta Redio, amekaa kizingitini, hana kazi.

*

Mshonaji alizipata habari hizo zikiwa zimeshapikwa na kupakuliwa. Mteja aliyefuata sare za wanawe alisimama mlangoni badala ya kuingia. Akapokea mfuko kwa ncha za vidole, akamtazama mtoto, kisha akaitazama mikono ya mshonaji.

"Mzima huyu?"

"Mzima."

"Haya. Mungu amlinde."

Akaondoka bila kufungua mfuko. Katika miaka yote ya kushona, mshonaji hakuwahi kuona mteja akiondoka bila kupima na kulalamikia kiuno.

Mtoto alikuwa kwenye mkeka kando ya cherehani, anapanga vifungo kwa rangi. Alikuwa na miaka sita. Shingoni, kwenye kile kishimo kilicho juu kidogo ya kifua, palitokeza kibomba cha plastiki kilichofungwa kwa tepe nyeupe hadi kisogoni. Humo ndimo alimopumulia tangu ugonjwa ulipombana koo akiwa na miaka miwili. Pumzi ikiingilia na kutokea shingoni haifiki penye sauti, kwa hiyo mtoto alisema kwa midomo mitupu. Na mama yake akiwa ameinamia kazi, alisema kwa mkono. Njuga ndogo ya shaba ilifungwa kwa utepe kwenye kifundo cha mkono wake. Mtikiso mmoja, njoo. Miwili, maji. Mfululizo, haraka. Mtaa mzima ulimwita Njuga, na wazazi wake wakawa Mama Njuga na Baba Njuga.

Uongo wa Redio mshonaji angeuvumilia, ameuzoea. Taabu ni kwamba safari hii Redio alikuwa ameona sawasawa.

Jumatatu ile njuga ililia mfululizo, halafu ikakatika. Kukatika kwake ndiko kulikomwinua kitini. Alimkuta mtoto midomo imekuwa ya kijivu, mbavu zinazama ndani, na ile skafu aliyomshonea imenyonywa kwenye mdomo wa kibomba. Ilikuwa kitambaa cha blanketi, laini, chenye manyoya, kipande kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Manyoya yalikuwa yamevutwa ndani siku mbili tatu, yakashikana na makohozi, yakawa kizibo. Akakanyaga mashine ya mguu ya kunyonyea makohozi. Mpira wake haukupita. Akakata tepe kwa mkasi wa kazi, akang'oa kibomba kizima. Damu ikachuruzika kidogo, naye bila kufikiri akaweka kiganja pale kwenye tundu, kama mtu anavyoziba bomba la maji lililopasuka.

Hapo mtoto akalia. "Mama!" Sauti nene, ya kukwaruza, isiyolingana na mwili ule. Mshonaji alidhani kuna mtu mwingine chumbani. Alitazama nyuma.

Akazinduka, akavuta mkoba wa dharura ukutani, akatia kibomba cha akiba. Pumzi ikarudi shingoni, na sauti ikaondoka kama ilivyokuja. Tangu saa ile aliibeba moyoni kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na anaogopa kuulizwa alikotoka nacho. Angemwambiaje mtu habari ya sauti bila kusema habari ya skafu? Na nesi wa vibomba alishamwonya siku ya kwanza kabisa, kidole juu: chochote chenye manyoya kisikaribie shingo ya mtoto huyu.

Lakini nesi hakuwepo ofisini kwa mwalimu mkuu, wiki iliyotangulia, walipokwenda kumwandikisha mtoto shule. Mwalimu mkuu alitabasamu na kuangalia pembeni. "Mimi binafsi sina tatizo naye, mama. Ila watoto wenzake wataogopa. Mje kikishatolewa. Au basi mfunike, mfunike vizuri." Njuga alikuwa amesimama pale pale, anasikia kila neno. Walipofika nyumbani aliweka kiganja chake kidogo mbele ya shingo na kusema kwa midomo: Nishonee kitu.

*

Baba Njuga alikuwa fundi wa kupaka rangi. Harufu ya rangi ilimkohoza mtoto, kwa hiyo kila jioni alivulia nguo za kazi uani, akajisugua mikono kwa sabuni mpaka ikawa myekundu, ndipo akaingia. Jumatano aliingia na barua mkononi, vidole bado vina madoa meupe.

"Wametuita wote wawili," alisema. "Alhamisi. Yaani kesho."

"Mezani?"

"Mezani."

Mshonaji alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Meza aliijua kwa kusikia. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, watu wa kliniki ile ya masikio, pua na koo za watoto huketi pamoja na kumjadili mtoto mmojammoja: daktari wa upasuaji, nesi wa vibomba, mwalimu wa sauti, mtu wa lishe, mpima masikio, mama wa ustawi. Siku nyingine aliwakuta kila mtu chumbani kwake, na kila mmoja alimpa jibu la kumfurahisha. Mtu wa lishe aliambiwa mtoto anamaliza bakuli. Mwalimu wa sauti aliambiwa mazoezi ni kila siku. Nesi aliambiwa kibomba hakijawahi kuziba. Hakuwa mwongo kwa tabia; aliogopa tu zile nyuso zinavyonyauka mtu akisema ameshindwa. Kesho majibu yake yote yangekaa meza moja na kutazamana.

"Siku hii ndiyo tuliyoingoja," alisema. "Daktari alisema koo limepanuka. Alisema Alhamisi wakikubaliana, wanakitia kibomba kizibo wamwangalie wodini. Akivumilia siku mbili, wanakitoa kibomba moja kwa moja."

"Najua alichosema. Na Redio je, unajua alichosema?" Aliinama, akashusha sauti, maana mtoto hakuwa kiziwi. "Nisikilize, Mama Njuga. Yule mama wa ustawi ana fomu. Mwenzangu kazini mdogo wake ilimkuta. Wakishakuandika mzembe, mtoto anapewa ndugu. Atapelekwa kwa dada yangu, na wewe utakuwa unamwona kwa ruhusa."

"Dada yako hajui hata kubadilisha tepe."

"Ndiyo maana nakuambia. Redio ana mdomo wake, na wewe una wako. Wa kwako ufunge."

"Na wakiuliza damu?"

"Mtoto alijikuna."

"Na wakiuliza kilio?"

Baba Njuga akacheka, kicheko kifupi kikavu. "Watuulize sisi kilio? Wao ndio waliotuambia hawezi kulia."

Kwenye mkeka njuga ilitikisika mara mbili. Mshonaji akainuka kuchota maji. 

Asubuhi, kabla ya kutoka, alifungua droo ya cherehani, akaitoa skafu na kuitia chini kabisa ya mkoba. Alipanga kuitupa kwenye pipa la hospitali. Huko hakuna Redio wa kuchambua takataka za mtu.

*

Ukumbi wa kungojea ulikuwa na mabenchi manane na madirisha yaliyopakwa rangi hadi nusu. Baba Njuga aliyatazama akasema, taratibu, "Aliyepaka hapa hakupiga msasa." Alipokuwa na hofu, aliongea kazi.

Mwanamke aliyekaa karibu nao, ana kitoto chenye pamba masikioni, alisogea kidogo. Halafu akasogea tena.

"Dada, samahani. Hicho kinaambukiza?"

"Hakiambukizi."

"Nauliza tu. Mwanangu anaumwa masikio, sitaki aongezewe."

Njuga alikitazama kile kitoto, akakitikisia njuga. Kitoto kikacheka. Mama yake akakihamishia paja la pili.

Mshonaji alilitafuta pipa kwa macho. Lilikuwa pale pembeni ya mlango, na mfagiaji amesimama karibu nalo ameegemea fagio lake kama mlinzi. Akasubiri aondoke. Mfagiaji hakuondoka. Mlango ukafunguliwa, nesi wa vibomba akaita, "Wazazi wa Njuga!" na mkoba ukaingia ndani ukiwa bado na mzigo wake.

Meza ilikuwa ndefu kuliko alivyofikiri. Walikaa upande mmoja, watu sita, na katikati yao faili moja nene lililofungwa kwa kamba. Upande huu viti viwili. Mtoto alipewa mkeka sakafuni na mwalimu wa sauti, kijana mwembamba aliyeweka mfukoni chupa ya mapovu ya sabuni pale ambapo wengine huweka kalamu.

"Karibuni," alisema daktari. Miwani yake ilikaa juu ya paji la uso, kana kwamba paji nalo lina macho. "Mama hajambo? Baba? Vizuri. Tunaanza."

Mtu wa lishe alisoma kilo. "Mama aliniambia anamaliza bakuli. Mzani unasema robo bakuli."

"Hula akitaka," alisema mshonaji.

Nesi akainua macho. Mwalimu wa sauti akaandika kitu.  Ndiyo imeanza, mshonaji alijiambia.

Daktari alishuka mkekani, akapiga magoti, akalegeza tepe, akamulika shingo kwa tochi ndogo. Alikaa hapo muda mrefu. Aliposimama hakuwa tena yule wa hamjambo.

"Hiki ni kibomba namba tatu na nusu. Mimi niliacha nne."

Akainama tena, akasogeza tepe.

"Na pana mchubuko hapa. Mbichi. Nani alibadilisha?"

"Mimi," alisema mshonaji. "Siku ilifika."

"Siku haijafika," alisema nesi. "Siku ni Jumamosi ijayo, mama. Tuliandika pamoja kwenye daftari lako."

"Kilichafuka," alisema Baba Njuga. "Na mtoto hujikuna."

Daktari hakumtazama baba. "Mama, sikia swali langu. Uliweka ndogo kwa sababu ile ya nne iligoma kuingia?"

Lilikuwa swali lenye mlango wazi. Hakuhitaji hata kutamka kitu. Mguu wa mume wake ulikuwa juu ya mguu wake chini ya meza, umekaa kama jiwe. Mshonaji akatikisa kichwa kukubali.

Daktari akapumua, akaishusha miwani machoni kwa mara ya kwanza. "Basi ndilo nililokuwa naliogopa. Koo linasinyaa tena. Kama namba nne haiingii, juu yake ni pabaya zaidi. Kizibo hatuweki, tutamuua. Jumatatu nampeleka chumba cha upasuaji, nafungua upya. Shule mwaka huu tusiizungumzie."

Aliandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi, na mshonaji, ambaye hukata vitambaa vya watu kila siku bila kufikiri, aliusikia kila mkwaruzo shingoni.

"Kuna jambo la upande wangu pia," alisema mama wa ustawi. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, mwenye fomu zake kwenye jalada la kijani. "Jirani anadai Jumatatu asubuhi alimsikia mtoto huyu akilia kwa sauti, 'Mama'. Akachungulia, akaona mama kamshika koo. Nimetakiwa kuuliza. Nauliza."

Mguu wa Baba Njuga ulizidi uzito.

Lakini kabla mzazi yeyote hajafungua mdomo, mwalimu wa sauti alicheka. "Kulia kwa sauti? Huyu? Dada yangu, mimi nina mwaka na nusu natafuta sauti kwa huyu mtoto, hata ya kunong'ona sijaipata. Jirani ataipataje kupitia ukutani?"

"Na kama koo limesinyaa," daktari aliongeza, bado anaandika, "hata kinadharia haiwezekani."

"Nami niliambiwa mtaani huyo jirani ni mtu wa kuzua." Mama wa ustawi akachora mstari kwenye karatasi, mstari mmoja ulionyooka. "Basi hili nalifuta. Poleni wazazi, kazi ndiyo inataka."

Mguu ukainuka. Baba Njuga aliachia pumzi ndefu, akampapasa mke wake goti. Kwisha. Wamevuka.

Mshonaji alimtazama mwanawe. Mwalimu wa sauti alikuwa amempulizia mapovu, na mtoto aliyafuata moja moja, akiyapasua kwa kidole. Njuga ililia kila alipoyapata. Jumatatu. Wangemlaza Jumatatu chini ya zile taa, wangefungua koo ambalo halina ubaya, kwa ajili ya kichwa cha mama yake kilichotikisika. Na sauti ile, nene, ya kukwaruza, ingehesabiwa uzushi wa Redio.

Akaweka mikono yote miwili mezani.  

"Redio hakuzua," alisema.

"Redio gani?" aliuliza daktari.

"Mama Njuga," alisema mume wake.

"Jirani. Hakuzua. Alilia. Alisema mama."

Akaupakata mkoba, akachimba hadi chini, akaitoa skafu na kuiweka mezani juu ya faili. Ilikuwa ya rangi ya waridi, imepindwa kingo kwa mkono, na mbele ametarizi kuku watatu wadogo. Katikati ya kuku wa pili pana doa kavu la njano.

Hakuna aliyeigusa isipokuwa nesi. Aliinua kona moja, akavuta manyoya kwa vidole viwili, yakatoka bila kubisha. Akayatazama kwenye mwanga.

"Mimi nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Nilikuambia siku ya kwanza. Nilikuonyesha ile shashi ya kufunikia, nikakupa pakiti nzima."

"Uliniambia, dada. Shuleni walisema afunikwe vizuri. Ile shashi wanaona ni kama kidonda." Sauti yake haikusimama, iliogopa kusimama. "Kiliziba kwa manyoya. Nikakanyaga mashine, ikashindikana. Nikakata tepe nikang'oa. Nikashika tundu kwa kiganja, sijui kwa nini, niliona damu. Ndipo akalia. Hiyo ndogo niliyoweka ndiyo iliyokuwa kwenye mkoba wa dharura, sikujaribu ya nne. Sikuijaribu kabisa. Nilikubali kwa sababu daktari aliuliza hivyo."

Nesi aliweka manyoya mezani. "Mkobani huwa tunatia namba ndogo," alimwambia daktari polepole. "Kwa makusudi. Ili iingie hata mama akitetemeka."

Mwalimu wa sauti alikuwa ameacha mapovu. "Ulipoziba kwa kiganja. Alivuta pumzi? Kabla ya kulia, alivuta?"

"Lazima alivuta, si alilia?"

"Neno zima? Si mlio, neno?"

"Redio alilisikia akiwa kwenye kamba ya nguo."

Daktari alirudi mkekani. Alinawa mikono kwa dawa, akamweka mtoto kati ya magoti yake, akamwambia, "Nakuziba kidogo, binti. Ukitaka niache, tikisa." Akaweka kidole kwenye mdomo wa kibomba. Chumba kizima kikatazama njuga. Mbavu zikatulia. Pua za mtoto zikapanuka, zikawa tena na kazi. Moja. Mbili. Tatu. Mshonaji alihesabu na kujikuta naye amebana pumzi. Saa ya ukutani ilikwenda na njuga haikulia.

Daktari alitoa kidole. Akakaa pale sakafuni kidogo, kama mtu aliyesahau njia ya kurudi kitini.

"Futa Jumatatu," alisema. "Tumtie kizibo sasa hivi. Wodini, mtambo wa kupima pumzi kidoleni, nesi asibanduke. Hatuna uhakika bado. Kidole changu dakika moja na kizibo siku mbili ni vitu viwili, mama, unanielewa? Usiku wa kwanza ndio wenye hatari."

"Naelewa."

"Na wazazi mbaki nje kwa nusu saa," alisema mwalimu wa sauti. "Akimwona mama yake atasema kwa midomo tu, amezoea. Na hiyo njuga mtoe. Leo tunataka aite kwa koo."

Mshonaji alipiga goti mbele ya mwanawe. Utepe ulikuwa na fundo lake mwenyewe, la mshonaji, lisilofunguka ovyo. Akalifungua. Chini yake ngozi ilikuwa na mstari mweupe. Mtoto alimtazama, akatikisa mkono mtupu. Haukulia. Akautikisa tena, macho yakaanza kujaa.

"Niko mlangoni," mama alimwambia. "Ita."

*

Korido ilikuwa na benchi moja, nalo lina mguu mbovu. Baba Njuga hakukaa. Alisimama kwenye ukuta, akikwaruza rangi kwa ukucha.

"Ulikuwa umeshaokoka," alisema bila kugeuka. Baadaye kidogo akasema, "Angepasuliwa bure." Kisha akaendelea kukwaruza.

Mlango ukafunguka, akatoka mama wa ustawi na jalada lake la kijani. Aliufunga nyuma yake kwa uangalifu, akaja akakaa upande wa benchi wenye mguu mzima.

"Ya kooni ni yao," alisema. "Ya nyumbani ni yangu. Nilifuta habari ya jirani, sasa nimelazimika kuiandika upya."

"Ndiyo, mama."

"Ulionywa, ukafunika. Kikaziba. Ukaficha siku tatu, na mbele ya meza ukamdanganya daktari. Mtoto angefia mikononi mwako au mikononi mwetu. Nisipoandika hayo, siku nyingine likitokea, jina langu ndilo lipo chini."

"Yaandike. Yote yalitokea."

"Kuna sehemu hapa ya kupendekeza. Akitoka wodini, arudi kwenu, au akae kwa ndugu mpaka nyumba ikaguliwe tena." Alifunua fomu. Mshonaji alikuwa amesoma hadi darasa la saba na alisoma kinyumenyume bila shida, maana amezoea kusoma namba za futi upande wowote. Aliona *Uzembe*, aliona nukta mbili, na baada ya nukta mbili nafasi tupu.

Ndani ya mlango palikuwa kimya. Alijaribu kukipima kile kimya kama ni cha mtoto anayepumua au cha mtoto asiyepumua, akashindwa. Miaka minne alimjua mwanawe kwa mlio wa mkono wake. Sasa mlio wenyewe alikuwa ameukumbatia kiganjani, amebana, njuga imekuwa ya moto kama sarafu iliyoshikwa siku nzima, na aliogopa kufungua vidole isije ikalia, mtoto akaisikia, akaacha kuita.

Mama wa ustawi akafungua kalamu.

"Mama," alisema mshonaji. "Naomba kitu kimoja."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

"Andika yote uliyoyasema, sikatai hata moja. Ila andika na hili, hata kwa ufupi, hata pembeni. Habari ya jirani ulikuwa umeshaifuta. Andika kwamba nilisema mwenyewe."

Mama wa ustawi aliitazama fomu. Pembeni pale hapakuwa na nafasi kubwa. Alivuta jalada likakaa vizuri magotini, akalisogeza tena, na macho yake, pamoja na ya mshonaji, pamoja na ya Baba Njuga aliyeacha kukwaruza ukuta, yakainuka yote kwenye mlango, ambako sauti nene, ya kukwaruza, ilikuwa imeita.